Kilo za Eucabeth Majini

Mwezi wa nne mwaka wa 2007, Eucabeth Nangila aliteleza kwenye mafuta ya nyama jikoni Kikopey, akavunjika paja la kushoto. Mikononi alikuwa na sufuria ya ugali wa watu kumi na wawili. Waliokuwepo wanasema mpaka leo kwamba ugali haukumwagika. Mama alikwenda chini, na sufuria ikatua wima kando yake kama imewekwa.

Kikopey ni pale barabarani, ukitoka Gilgil kwenda Nakuru, ambapo magari husimama watu wale nyama choma. Kwa miaka kumi na tisa Eucabeth alikuwa akipika ugali katika bucha ya Waithaka, na kulikuwa na madereva wa malori ya viazi kutoka Molo waliopita bucha sita bila kusimama ili wafike kwake. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mwili wa kutosha na sauti ya kutosha.

Hospitalini Nakuru walimtia chuma na skrubu. Mwezi wa saba picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umeshika. Daktari akamwambia aanze kuukanyagia mguu kidogo kidogo, na magongo ayaache moja moja. Eucabeth akasema asante daktari, akarudi nyumbani Gilgil, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, akakaa hapo. Akitaka kwenda choo alikwenda kwa magongo yote mawili, mguu wa kushoto ukining'inia kama kitu cha kuazima.

Mume wake, Levis Khisa, alijaribu yote. Alimbembeleza, akamkemea, akaweka redio mbali ili ainuke kuifuata. Eucabeth akajifunza kukaa bila redio. Levis alikuwa mstaafu wa reli. Alianza kazi ujanani kwenye karakana ya injini za mvuke Nakuru, na injini hizo zilipoondolewa akahamishiwa pampu na matangi ya maji ya stesheni. Alijua kurekebisha kila kitu chenye bomba, lakini mke hana bomba.

Kila Alhamisi kliniki moja ya Nakuru ilimtuma Gilgil fizio wao, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa msichana wa Kalasinga, Jasleen, binti wa Kamaljit mwenye gereji ya malori. Alikuja na pikapu kuukuu ya baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kabisa.

"Mama, simama kidogo tuone," alisema Alhamisi moja.

"Leo si siku nzuri."

"Alhamisi iliyopita pia haikuwa nzuri."

"Alhamisi zote za Gilgil ni baridi, daktari."

Jasleen alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba yeye si daktari, na haikusaidia. Alipiga magoti akautazama mguu. Paja lilikuwa limepungua kuliko lile jingine, na kifundo kilikuwa kimevimba kwa kukaa. Alibonyeza kwa kidole, na shimo likabaki.

"Mguu hauna shida," alisema. "Shida ni hofu. Na sikulaumu. Nataka tufanye mazoezi mahali ambapo hata ukianguka huwezi kugonga chini."

"Wapi huko, mbinguni?"

"Kwa maji."

Levis, aliyekuwa mlangoni, alicheka. "Maji yabebe huyu? Binti, huyu ni kilo tisini na nne. Mimi nimefanya kazi na maji miaka thelathini na sita. Maji hayabebi, yanabebwa. Ndiyo maana kuna matangi."

"Mzee, nipe nusu saa. Twende Kikopey nikuonyeshe kitu."

Walimpakia Eucabeth kwenye pikapu, naye akakubali kwa sababu hakuwa amefika kazini tangu aanguke. Waithaka, mwenye bucha, alitoka nje na kisu mkononi, akakiweka chini haraka ili amsalimie vizuri.

"Mathe, karibu. Watu wanalia huku. Huyu nimeandika sasa anapika ugali mtu anaweza kunywa."

Jasleen alimwomba ndoo ya maji na ile mizani ya kuning'inia yenye mshale. Alitundika paja la mbuzi kwenye ndoano. Mshale ukashuka hadi kilo tatu na robo. Kisha akamwambia Levis ainue ndoo polepole mpaka paja lizame lote bila kugusa sehemu ya chini. Mshale ulianza kurudi. Ukapita mbili, ukapita moja, ukasimama chini ya nusu kilo.

Levis alishusha ndoo, mshale ukarudi kwenye tatu na robo. Akaipandisha tena. Alifanya hivyo mara nne. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa uzito wa ndoo.

"Ile ingine imeenda wapi?" aliuliza.

"Umeibeba wewe," Jasleen akasema. "Maji yanalisukuma paja juu, na ndoo inasukumwa chini. Mama akiingia maji ya shingo, mguu wake utabeba kama kilo tisa au kumi. Maji ya kifua, labda thelathini. Ya kiuno, nusu ya uzito wake wote. Tunachagua sisi wenyewe."

Dereva mmoja aliyekuwa akingoja mbavu zake alikuwa amesogea kutazama. "Boss," alimwambia Waithaka, "mimi nitanunua kwa bei ya hiyo ya kwa ndoo."

Waithaka aliitoa mizani kwenye ndoano na kuirudisha ndani.

Waliporudi kwenye pikapu Eucabeth alilivuta chini pindo la gauni lake. Kisha akauliza, "Nitavaa nini?"

Hilo ndilo lililochukua wiki nzima. Alikuwa mama wa kanisa la Friends, katibu wa umoja wa wanawake, na hakukusudia kuonekana mahali popote akiwa na nguo ya kuogelea. Akashona gauni la kitambaa cha bluu cha sare za shule, refu hadi kwenye kifundo, mikono mirefu, kola.

Mahali walipokwenda palikuwa kwenye chemchemi za maji moto kando ya Ziwa Elmenteita, chini ya Kikopey. Madimbwi ya kuogelea ya Nakuru yalikuwa baridi, na baridi hufanya misuli ijikaze. Jasleen alipajua hapo tangu utotoni. Baba yake alikuwa akiwaleta Jumapili. Siku hiyo Jasleen alipita akipima na kipimajoto. Pale maji yalipobubujika yalikuwa moto mno. Akachagua bwawa la mbali kidogo, ambalo wenyeji walikuwa wamelizuia kwa mawe, na maji yalikuwa na joto la mwili. Upande mmoja yalifika magotini, na sakafu ya changarawe ikateremka taratibu hadi upande wa pili yakafika shingoni.

"Dakika kumi na tano tu leo," alisema. "Ukisikia kizunguzungu, sema. Mzee ashike mkono huu, mimi huu."

Levis alikuwa amevaa kaptura ya enzi za reli, iliyofungwa kwa kamba. Walimwingiza Eucabeth wakiwa wawili. Maji yalipomfika kiunoni, gauni lilijaa hewa likapanda juu kwa pande zote kama mwavuli, na Eucabeth akaachia mikono ya wote wawili ili aliteremshe. Alisimama hivyo, akipigana na gauni, bila mtu kumshika, kwa muda ambao Jasleen baadaye alisema ulikuwa sekunde ishirini. Wanawake waliokuwa wakifua nguo upande wa chini walikaa kimya kwa heshima, kisha wakashindwa.

"Wacheni kucheka, nisaidieni," Eucabeth akasema, na mwenyewe akacheka.

Wiki iliyofuata alikuja na nati kumi na mbili za Levis zimeshonwa kwenye pindo.

Siku hiyo ya kwanza, maji yalipomfika shingoni, alikunja uso kama anayesikiliza. "Mguu sioni," alisema. "Yaani, upo, lakini sisikii kama upo."

"Kanyaga."

Akakanyaga. Mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, akienda kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Hakuumia. Walizunguka mara mbili, na walipotoka alilalamika kwamba ardhi imemrudishia gunia lake ghafla. Lakini jioni hiyo kifundo kilikuwa kimepungua uvimbe, na Levis alijua ni kwa nini kabla ya kuambiwa.

"Ni kama tangi," alimweleza mke wake. "Bomba la juu linatoa maji hivi hivi. La chini linaweza kukuangusha. Maji yaliyo juu yanayakandamiza ya chini. Sasa wewe mguu wako uko chini kabisa, unakandamizwa, uvimbe unapanda juu."

"Unapanda unaenda wapi?"

Levis akaahidi kumwuliza Jasleen.

Wakaendelea hivyo kila Alhamisi, na Jumanne pia wakati Waithaka alipoweza kuwaazima gari. Jasleen alimfundisha kurusha mguu mbele na nyuma, polepole, kisha haraka. Alimwambia ukisukuma polepole maji yanakupisha, ukisukuma haraka yanakataa; kwa hivyo anayeamua ukali wa zoezi ni yeye.

"Hiyo najua," Eucabeth akasema. "Ni ugali."

Wiki iliyofuata alileta mwiko wake mkubwa. Alisimama maji ya kifua akausonga huo ugali wa chemchemi, kulia, kushoto, akigeuza kutoka chini, na kila alipokaza mikono mwili ulitaka kuyumba na miguu ikalazimika kushika. Jasleen alimtazama, akachukua daftari lake akaandika. Hakuwahi kuona zoezi hilo kokote, na lilikuwa bora kuliko mengi aliyofundishwa.

Mwezi wa nane ukaisha hivyo, kwa furaha. Kulikuwa na jambo moja tu. Kulingana na mpango, kila wiki Eucabeth alipaswa kusogea kwenye maji mafupi zaidi, ili mguu uzoee mzigo. Kutoka shingoni hadi kifuani, hadi kitovuni. Na kweli alisogea. Lakini nje ya maji hakuna kilichobadilika. Nyumbani bado magongo mawili, mguu bado unaning'inia. Jasleen alipima misuli, akaona paja limenenepa. Hakuelewa.

Aliyegundua ni Levis. Kwenye injini za mvuke kulikuwa na kioo chembamba kilichoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, na kijana aliyesahau kukitazama hakuajiriwa tena. Kwa hivyo Levis alikuwa mtu wa kutazama alama za maji, hata asipokusudia. Alhamisi moja walipotoka alimtazama Jasleen, kisha akamtazama mke wake.

"Jasleen, maji ya leo yalikuwa ya kitovu?"

"Ya kitovu, mzee."

"Wewe umelowa hadi kitovuni. Na huyu ni mrefu kukushinda. Mbona gauni lake limelowa hadi kwenye kola?"

Wote wawili wakamgeukia Eucabeth, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akikamua pindo. Wiki tatu nzima alikuwa akitembea amekunja magoti chini ya maji, kichwa tu kikielea, huku akizungumza habari za kanisa.

"Nilikuwa naona mnafurahi," alisema. "Sikutaka kuwaharibia."

Jasleen alifungua mdomo kuzungumza, lakini Levis alimwinulia mkono taratibu. Akaketi kwenye jiwe karibu na mke wake.

"Kuna nini, Nangila?"

Eucabeth akaliachia pindo. "Siku ile jikoni, uchungu haukuja kwanza. Kwanza nilisikia mlio. Kama kuni kavu ukiivunja kwa goti. Ulitoka ndani yangu. Sasa kila nikitaka kukanyaga, nangoja ule mlio."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia chuma hakivunjiki. Wewe ni mtu wa chuma."

Levis alikubali kwa kichwa, kwa sababu ndivyo ambavyo angesema. Ndege wawili aina ya mwari walikuwa wakipita juu ya ziwa, wazito, bila haraka.

"Karakana tulikuwa na boila moja iliyopasuka ikatiwa kiraka," alisema. "Fundi alisema imepona. Mkubwa akasema imepona. Hakuna mtu aliyetaka kusimama karibu nayo, hata mimi. Unajua tulifanya nini? Hatukuwasha moto. Tulijaza maji baridi mpaka juu, tukafunga kila mahali, tukaleta pampu ya mkono. Tukasukuma kidogo, tunasimama, tunasikiliza. Tunasukuma tena. Tuliisukuma kupita hata nguvu ambayo ingefanya kazi nayo. Kwa maji, kama kiraka kingeachilia, kingevuja tu, kisingeua mtu. Kilishika. Kesho yake tukawasha moto, na mimi ndiye niliyekoleza."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hatukuamini maneno. Hata wewe usiamini. Usimwamini daktari, usiniamini mimi. Tuupime."

Jasleen alikuwa ameshasimama. "Mzee, hiyo ndiyo programu yangu. Mimi nilikuwa tu sijui kuieleza."

Walirudi majini siku hiyo hiyo, dakika tano tu. Kwenye maji ya kifua, Eucabeth alisimama wima, magoti yamenyooka, kiganja kimelala juu ya nyonga kama fundi anayesikiliza mashine. Kisha akainua mguu wa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alikuwa amesimama juu ya mguu wa kushoto peke yake. Levis alihesabu hadi kumi. Hakukuwa na mlio.

"Tena," Eucabeth akasema.

Wiki iliyofuata ikawa maji ya mbavu, hadi kumi, mara tano. Kisha kitovu. Huko kwenye kitovu alimshika Jasleen shingoni, wakakaa hivyo wakipumua. "Hapa ni kama kilo arobaini na tano," Jasleen akamnong'oneza. "Hicho ni kiasi cha gunia la viazi lililopunjwa. Wewe umelibeba kwa mguu mmoja." Wanawake wa kufua walikuwa wamezoea ratiba yao sasa, na Levis alipoanza kuhesabu nao walihesabu, kila mmoja kwa lugha yake, kwa hivyo kumi ilifika mara tatu au nne.

Haikwenda sawasawa. Wiki moja ya mwezi wa tisa mvua ilinyesha, barabara ya kuteremka ikawa matope, hawakwenda, na aliporudi alikuwa amerudi nyuma. Siku nyingine maji yalipofika mapajani alikataa kabisa, akaketi ndani yake kama mtu kwenye beseni. Levis alitaka kumhimiza. Jasleen alimkataza.

"Pampu ya mkono, mzee. Kidogo, halafu tunasikiliza."

Levis akaketi majini karibu naye, na wote wawili wakakaa hapo wakijadili kama wauze yule mbuzi mwenye pembe moja.

Alhamisi ya tatu ya mwezi wa kumi, Eucabeth aliingia majini kama kawaida. Alifanya zoezi la kifua, la kitovu, la mapaja. Akaenda kwenye maji ya magoti, akasimama kwa mguu wa kushoto, akahesabu mwenyewe kwa sauti hadi kumi na tano. Kisha, badala ya kugeuka kurudi kwenye kina, akaendelea mbele. Maji yakawa ya kifundo, yakawa ya nyayo. Jasleen alinyosha mkono wake bila kumgusa, akautembeza hewani pembeni yake. Levis alikuwa kwenye pikapu akitafuta taulo, na alipogeuka mke wake alikuwa kwenye mchanga, gauni linachuruzika, nati zinagongana kwenye visigino, hana gongo hata moja. Alikuwa akichechemea vibaya. Alisimama mara mbili njiani, mkono kwenye nyonga. Kutoka majini hadi kwenye gari ni hatua arobaini na mbili. Jasleen ndiye aliyezihesabu.

Alipofika alishika mlango wa gari, akapumua.

"Umesikia?" Levis akamwuliza.

"Nimesikia viatu vyako vikilia. Vina maji."

Levis akatazama chini. Alikuwa ameingia majini na viatu asubuhi hiyo, na hakuna aliyeona, hata yeye.

Kuelekea mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Jumapili, walikwenda kanisani Gilgil kwa miguu. Eucabeth alikuwa na fimbo moja, nyepesi, na alichukua nusu saa kwa njia ambayo zamani ilichukua dakika kumi. Barabarani magari ya kampeni yalipita na vipaza sauti vyao, watu wakipunga mikono, naye akapunga kwa yote bila kubagua. Ndani, umoja wa wanawake ulikuwa umemwekea kiti chenye mto karibu na mlango, asihangaike. Aliwashukuru. Akaegemeza fimbo kwenye kiti, akapita hadi safu ya pili mahali pake pa siku zote, na wimbo wa kwanza ulipoanza akasimama na wenzake.

Ulikuwa wimbo wa beti saba. Kwenye ubeti wa tano Levis alimvuta mkono kidogo, akamwonyesha benchi kwa macho. Eucabeth akampa kitabu cha nyimbo amshikie, akaendelea kuimba.